UZI: Moshi wa Mandera ni wa nani, kaunti ama Nairobi?

Kila msimu wa siasa swali hili linarudi. Mwananchi analalamika kuhusu moshi wa jaa la taka. Mgombea wa kaunti anasema hiyo ni kazi ya NEMA, wa kitaifa anasema mazingira yamegatuliwa. Wote wawili wanapigiwa makofi. Wacha nieleze tumetoka wapi, manake jibu liko kwenye sheria.

Tuanzie 1921. Sheria ya Afya ya Umma ya mkoloni, ambayo bado tunayo kama Sura ya 242, ilihesabu moshi wa dohani unaodhuru afya kuwa kero kwa umma. Sawa, lakini huku hakukuwa na dohani. Sisi tulikuwa Northern Frontier District, wilaya iliyofungwa, kuingia ama kutoka ni kwa kibali.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 ukaja ule Waraka wa Bunge Na. 10: pesa za maendeleo ziende penye mvua, ardhi nzuri, reli na barabara. Kaskazini Mashariki ikabaki nje, tena chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Sasa unganisha mambo. Mahali ambapo gridi ya taifa haijafika, mji unawashwa kwa jenereta za dizeli. Mandera bado tuko hapo, ingawa sola imeongezwa kidogo. Garissa wametoka huko: wana gridi, na tangu 2019 wana kituo cha sola cha megawati zaidi ya 50. Kwa hivyo ukisikia harufu ya dizeli mjini, ujue ilianza kama uamuzi wa bajeti.

Halafu kuna moshi ambao hakuna mgombea anautaja: wa jikoni. Kuni na makaa. WHO inakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Anayeuvuta zaidi ni mama, na mtoto aliye mgongoni.

Najua mtajibu, "Kwetu hakuna viwanda, hewa ni safi." Jamani. Chembe mbaya zaidi ni zile za chini ya mikromita 2.5, na hazijali zimetoka kiwandani ama kwa jiko la kuni. Zinaingia mapafuni mpaka kwenye damu, zinaleta nimonia, kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Bila mashine ya kupima, huyo anayesema hewa yetu ni safi anakisia tu.

Sasa sheria. EMCA ya 1999 ilizaa NEMA. Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 ziliweka viwango na leseni, na hiyo ni kazi ya kitaifa. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inataja udhibiti wa uchafuzi wa hewa waziwazi kama jukumu la kaunti. Yaani jaa linalochomwa karibu na makazi ni la kaunti, si la Nairobi. Nairobi yenyewe ilitoa mpango wa hewa wa 2019–2023 (na Dandora bado inafuka, sisemi wamemaliza).

Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishtaki kuhusu sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na taasisi za serikali zikiwa kati ya walioshtakiwa. Mwaka 2020 korti iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikaenda rufaa.

Kwa hivyo kikao cha umma cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, nendeni na swali moja: pesa ya kupima hewa Mandera iko ukurasa gani?