Pendulo za Bullard na tope la Ziwa Albert

Wandugu, mbele ya kuongea petroli ya Ziwa Albert, tukumbuke pendulo. Mwaka 1933–34 Mwingereza Edward Bullard alipima mvuto wa dunia Afrika Mashariki. Kwenye Ziwa Albert mvuto ulikuwa mudogo. Akasema ardhi imebanwa pande mbili, sakafu ikasukumwa chini. Mimi nasema vipimo vilikuwa vizuri. Maelezo njo yalianguka. Ardhi ilivutwa, sakafu ikashuka, shimo likajaa mchanga na tope, nyepesi kuliko mwamba.

Miaka ya 1980 Uganda ilipimisha sumaku kwa ndege. Tope iko na sumaku kidogo kuliko mwamba, basi mabonde yaliyozikwa yakaonekana. Mwaka 2006 walipata petroli. Bonde hilohilo linapita chini ya maji, linafika kwetu Ituri.