Caracal ya Disclosure: Albamu ya Pili, na Wageni 9 Kwa Maiki

Kama ushawahi kupanda mathree usiku ukapata "Latch" inapigwa, hiyo sauti unaijua: Sam Smith anapaa juu huku biti inakatikakatika chini yake. Ngoma ilitoka 2012. Wenyewe ni Disclosure, ndugu wawili kutoka Reigate, kusini mwa London: Guy Lawrence, aliyezaliwa 1991, na mdogo wake Howard, wa 1994. Leo tucheki albamu yao ya pili, Caracal, iliyotoka Septemba 25, 2015.

Jina kwanza. Caracal ni yule paka wa porini mwenye manyoya meusi kwa ncha za masikio. Kwa Kiswahili anaitwa simbamangu, na mbuga zetu anazo.

Sasa rada ni hii. Albamu yao ya kwanza, Settle (2013), ilifika namba moja Uingereza, na wageni wake kibao walikuwa bado wanatafuta jina: Sam Smith, AlunaGeorge, London Grammar. Biti ndiyo iliwabeba. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Februari 2015 Sam Smith alibeba Grammy 4 usiku mmoja, so akirudi kuimba "Omen", yeye ndiye anajulikana kushinda wenye ngoma. Hapo ndipo kuna noma: ukiita mastaa, wimbo unabaki wako ama unakuwa wao?

Toleo la kawaida lina ngoma 11, na 9 kati ya hizo zina mgeni:

- "Nocturnal": The Weeknd
- "Omen": Sam Smith
- "Holding On": Gregory Porter
- "Hourglass": Lion Babe
- "Willing & Able": Kwabs
- "Magnets": Lorde
- "Good Intentions": Miguel
- "Superego": Nao
- "Masterpiece": Jordan Rakei

"Jaded" haina mgeni, Howard mwenyewe ndiye anaimba.

Ilipokelewa aje? Namba moja Uingereza tena, na ikateuliwa kwa Grammy ya albamu bora ya densi na elektroniki. Tuzo ilienda kwa Skrillex na Diplo, ile kazi yao ya Jack Ü. Lakini kuna mafans walilia kwamba hawa vijana wamepoa: biti zimepunguza mwendo, R&B imezidi, na klabu imesahaulika.

Usiwaite mahater. Skiza "Nocturnal", ngoma ya kwanza kabisa. Ni kali, inaenda zaidi ya dakika 6, lakini ukimpatia mtu bila kumwambia ni ya nani, atakuambia ni The Weeknd. Disclosure wamekaa nyuma kama dereva wa mkubwa.

Halafu ruka uende "Superego" na "Masterpiece". Wakati huo Nao na Jordan Rakei hawakuwa wametoa hata albamu moja, zao za kwanza zilikuja 2016. Hapo ndugu wanarudi kwa kazi iliyowatoa: kuchukua sauti haujaizoea na kuijengea nyumba. Na "Holding On"? Gregory Porter ni mtu wa jazz, tena ana Grammy ya jazz, lakini wamemweka juu ya biti ya house na hajapotea hata kidogo. Hiyo ni jina kubwa iliyotumika vizuri, juu sauti ilichaguliwa ifae wimbo.

Kama wewe ni prodyuza unapika biti kwa bedsita yako hapo Roysambu, na unawaza vile utapata staa mmoja akuokoe, hii albamu ina jibu la pande zote mbili. Staa atakuletea masikio. Lakini ngoma ikiisha, watu watauliza jina la nani?

Vaa earphone, anza na "Omen", kisha "Magnets", umalize na "Superego". Halafu tuambie: Settle ama Caracal?