Kariakoo: Habari za Kiwanja, Chumba na Kodi

Wengi wenu mnaokaa mashambani mmepata kuletewa kitenge, sufuria au baiskeli iliyonunuliwa Kariakoo, na huenda mna ndugu anayekaa huko au aliyepata kukaa. Jina hilo lajulikana toka Mtwara hata Kigoma, na ng'ambo ya mipaka pia, maana wafanya biashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Ngazija huja kununua mali pale. Leo twataka kueleza jinsi mtaa huo wa Dar es Salaam ulivyopata kuwa. Hatutasimulia habari za taa na magari. Hizo kila aliyefika mjini amezisimulia. Twataka kufuata jambo moja tu, yaani fedha ya nyumba: nani aliruhusiwa kujenga, nani alipokea kodi, na ni amri gani zilizowaweka watu hapa na kuwaondoa pale.

Zamani palikuwapo kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari yake iliyotulia, akaanza kujenga mji. Alikufa mwaka 1870 kabla mji haujakamilika, na majumba yake mengine yakaachwa yakaota magugu. Kampuni ya Wadachi ilifika mwaka 1887, na mwaka 1891 Serikali yao ilihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo, ikayaleta Dar es Salaam.

Mwaka ule ule wa 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi, na amri hiyo twaomba mwiangalie vema, kwa kuwa mengi yaliyofuata yametoka ndani yake. Mji uligawanywa kwa namna za nyumba. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, zilitakiwa nyumba imara za namna ya Kizungu peke yake. Mahali pengine nyumba za mawe. Mbali zaidi, kuelekea bara, mtu aliweza kusimamisha nyumba ya miti na udongo. Amri ilitaja kuta na mapaa. Lakini fikirini wenyewe: ni mtu gani siku zile aliyekuwa na fedha ya kujenga nyumba ya mawe yenye veranda na madirisha makubwa? Basi kuta zikawachagua watu. Ndiyo asili ya majina ambayo wazee wa mji wangali wakiyatumia, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza walipoutwaa mji hawakuufuta mpango huo. Katika miaka ya 1920 waliutia nguvu kwa kanuni zao wenyewe, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, nyumba za Waafrika upande huu na maduka ya Wahindi upande ule.

Tena lilikuwapo jambo la kodi. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Rupia haikuota shambani. Ilitafutwa kwa kuuza mazao au kwa kuuza nguvu za mikono, na wengi walioshuka pwani kutafuta kazi bandarini na katika reli walikuwa wakitafuta rupia hizo kwanza. Shilingi ilikuja baadaye, mwaka 1921. (Lugha yetu hulitumia neno moja, kodi, kwa fedha ya Serikali na kwa fedha ya mwenye nyumba. Sisi walimu twasumbuka kuwaeleza wanafunzi tofauti yake, lakini mpangaji wa Kariakoo hakuona tofauti kubwa. Zote mbili zilimfuata mwisho wa mwezi.)

Magharibi ya mji lilikuwako shamba kubwa la Mdachi mmoja. Kabla ya vita ya 1914 Serikali yao ililinunua ili iwahamishie Waafrika waliokuwa wamejenga karibu na katikati ya mji. Kazi haikwisha, vita ikaingia. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na pale shambani wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi.

Hapa hatuwezi kupita upesi. Vita ile ilipiganwa katika nchi isiyo na barabara, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo chakula, risasi na madawa vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wengi walikamatwa vijijini mwao kwa nguvu. Waliokufa kwa homa, kuhara na njaa walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi, na hesabu yao ni makumi ya maelfu. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi "Carrier Corps", na watu wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi pia una mtaa wenye jina lililotoka hapo hapo. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam kuwakumbuka waliokufa, lakini twadhani jina la mtaa limewakumbuka wapagazi kwa vinywa vingi zaidi, ingawa wanaolitaja hawajui kwamba wanawakumbuka.

Vita ilipokwisha viwanja viligawanywa kwa mitaa iliyonyoka, nalo jengo la zamani la Wadachi likawa soko. Nyumba za Kariakoo zilijengwa kwa namna moja, na aliyepata kuingia katika moja amepata kuingia katika zote. Mbele pana baraza ya kukaa jioni. Ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mrefu uliokata nyumba kati, na vyumba vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto. Ukipita ukumbi watokea uani, penye jiko, kisima na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo. Paa lilikuwa la makuti, kisha la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, kisha la bati kwa aliyejaliwa.

Nyumba hiyo ilikuwa shamba la mjini. Mwenyewe alikaa chumba kimoja na jamaa zake, na vitano vilivyobaki akavipangisha. Baharia mzee, mpishi wa Mzungu aliyeweka akiba, fundi cherehani, wote walitamani kitu hicho kimoja, nyumba ya vyumba sita. Na wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba. Mwanamke aliyeachwa au kufiwa na mume, ambaye kijijini angalirudi kwa kaka yake mikono mitupu, huku Kariakoo aliweza kula kodi ya vyumba vyake asimwombe mtu. Wapangaji walimwita Mama, wakamwamkia shikamoo asubuhi kabla ya kuchota maji, hata aliye mkubwa kwake kwa umri. Sisi wenyewe tulipofika Dar es Salaam mara ya kwanza tulipokewa katika nyumba kama hiyo, tukalala watatu juu ya mkeka mmoja, na mwenye nyumba ndiye aliyetueleza njia ya kwenda chuoni na bei ya haki ya samaki.

Walakini utajiri huu ulikuwa na ufa. Mwenye nyumba alikuwa na kuta, lakini hakuwa na ardhi. Alikaa kiwanjani kwa ruhusa na kwa kodi ya kiwanja, bila hati ya miaka mingi. Tena ilikuwako sheria ya mwaka 1923, iliyotiwa nguvu mwaka 1931, iliyozuia mfanya biashara asiye Mwafrika asiweze kumdai Mwafrika mbele ya korti fedha aliyomkopesha, isipokuwa kwa idhini ya Serikali. Waliotunga sheria hiyo walisema wanawalinda Waafrika na madeni, na si uongo kwamba madeni yamepoteza watu wengi. Lakini katika Uhindini nyumba ya udongo ilibomolewa ikajengwa ya mawe kwa fedha ya mkopo, na katika Kariakoo ikabaki ya udongo. Basi ile amri ya kuta ikajithibitisha yenyewe: mtaa ulikuwa wa udongo kwa kuwa wakaao humo hawana fedha, nao hawakupata fedha kwa kuwa mtaa ulikuwa wa udongo.

Watu waliendelea kuja. Mtaa wa Ilala ulipimwa kupokea waliozidi, na baadaye Magomeni na Temeke, wala havikutosha. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu kama 69,000. Mwaka 1957 walifika karibu 129,000. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nguo na chakula vilikuwa haba, vikagawiwa kwa kipimo, na bei zikapanda kuliko mishahara. Wapakizi wa bandarini waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwezi wa Septemba 1947 mgomo wao ulitoka bandarini ukafuata reli hata bara. Safari hiyo mishahara iliongezwa. Waliogoma walikuwa wapangaji. Mazungumzo yao hayakuanzia katika ofisi yo yote, yalianza barazani na uani, walipokaa watu wa makabila kumi wenye mwenye nyumba mmoja na shida moja.

Kwa sababu hiyo hatushangai kwamba siasa ya nchi ilipata makao Kariakoo. Chama cha Waafrika kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Nyumba ya chama ilikuwa katika New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, na humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwanawe Kleist, Abdulwahid Sykes, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo katika miaka hiyo hiyo, basi muuza ndizi na mwanasiasa walimjua mtu mmoja. Mji ulikuwa umepewa baraza la manispaa mwaka 1949, lakini mwanzoni madiwani waliteuliwa na Serikali, na mpangaji wa chumba hakuulizwa neno juu ya taka wala maji.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na swali la nyumba likageuka. Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Yaani kile ambacho mpishi na baharia walikitamani maisha yao yote, kiongozi alitakiwa kukiacha. Mwezi wa Aprili 1971 sheria mpya ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Walioguswa zaidi walikuwa Wahindi, na wengi wao walihama nchi. Nyumba ya udongo haikufikia thamani hiyo. Umaskini wa kuta, uliomnyima mwenye nyumba wa Kariakoo mkopo, safari hii ulimwokolea nyumba yake. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya, kazi ya mchoraji wetu Beda Amuli, lenye paa la miavuli mikubwa ya saruji.

Biashara ilipofunguliwa, katika miaka ya 1980 na kuendelea, bei ya ardhi ya Kariakoo ilipanda kwa namna ambayo wazee hawakuiota. Mwenye kiwanja hana fedha ya kujenga. Mwenye fedha hana kiwanja. Huandikiana mkataba, nyumba ya vyumba sita ikabomolewa, ghorofa ikasimama, na mwenye kiwanja akapewa sehemu yake, pengine vyumba vya kukaa juu na duka moja chini. Wengine wamefaidi. Wengine walitia sahihi karatasi wasizozisoma, wakajikuta mahakamani na ndugu zao wa tumbo moja kwa urithi uliokuwa haugombewi ulipokuwa wa udongo.

Mji ambao mwaka 1948 ulikuwa na watu 69,000 ulihesabiwa mwaka 2022 ukawa na 5,383,728. Soko la mwaka 1975 liliungua tarehe 10 Julai 2021. Mwezi wa Mei 2023 wafanya biashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kulalamikia namna ya kutozwa kodi, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza katika Mnazi Mmoja, uwanja ule ule uliotenga Uswahilini na Uhindini. Na tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa moja ilianguka ikiwa imejaa wachuuzi, vibarua na wateja. Waokoaji walichimba kwa siku nyingi, na watu wengi walikufa.

Ukipita leo katika mitaa ya nyuma, Narung'ombe au Sikukuu, waweza kuona nyumba ya zamani imesalia kati ya ghorofa mbili, jua likiifikia saa sita mchana tu. Baraza lake limepangishwa kwa muuza viatu. Ukumbi umejaa marobota ya mali. Mwenyewe, kama yungali hai, huulizwa kila mwezi na madalali kama yu tayari kuuza. Siku atakapokubali, yeye atapewa karatasi na fedha. Wapangaji wake watapewa muda wa kufungasha, nao watakwenda Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara kutafuta chumba kingine, na alfajiri watapanda basi kurudi Kariakoo kazini.