Nyoka na Mafigo

Wasikilizaji wangu, sote twajua kuwa nyoka huua. Lakini wengi hudhani kwamba mtu aliyeumwa, akipambazukiwa hali yu hai, basi ameokoka. Leo napenda kuwaeleza jinsi watu walivyojifunza kuwa sivyo. Kifo cha nyoka kina milango miwili, na mlango wa pili ni mafigo.

Habari hii yaanzia Bara Hindi. Katika mwaka wa 1796 daktari Mskoti, jina lake Patrick Russell, aliyefanya kazi upande wa Madras, alichapisha kitabu cha nyoka wa pwani ya Coromandel. Humo alimweleza nyoka mmoja mnene, mwenye madoa yaliyopangana mgongoni kama mnyororo, ambaye wenyeji walimwita katuka rekula poda. Russell alijaribu sumu yake kwa kuku na mbwa, akaona ni kali mno. Mwaka uliofuata nyoka huyo akaitwa kwa jina la Russell, na ndilo jina lake mpaka leo.

Karibu miaka 100 ikapita pasipo dawa ya hakika. Ndipo mwaka wa 1894 Wafaransa Phisalix na Bertrand, na mwenzao Albert Calmette, walipotangaza kuwa mnyama akizoezwa sumu kidogo kidogo, maji ya damu yake huweza kumkinga mwingine. Calmette akatengeneza dawa kwa damu ya farasi. Watu walifurahi, lakini ikaonekana kwamba dawa ya sumu ya swila haimfai aliyeumwa na nyoka wa Russell. Kila sumu yataka dawa yake.

Wakati huo wakulima wa mpunga wa Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, waliumwa miguuni katika mashamba yao. Wengine walivuka siku ya kwanza, kisha wakafa baada ya siku kadhaa, haja ndogo haitoki tena. Kwa nini? Mafigo ni chujio la damu. Sumu ile huigandisha damu katika mishipa midogo, hata kile kinachoigandisha kikaisha, na mgonjwa akatokwa na damu ufizini. Tena msukumo wa damu hushuka. Hapo mafigo hukosa damu, chujio huharibika, na uchafu hubaki mwilini.

Msaada ulitoka mahali pasipodhaniwa. Mwaka wa 1943, Uholanzi ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, daktari Willem Kolff wa mji wa Kampen alitengeneza mtambo wa kuchuja damu, kwa pipa la mbao na utando mwembamba wa kutilia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa, wala hakukata tamaa. Mwaka wa 1945 bibi mmoja wa miaka 67 akazinduka, akapona. Yeye hakuumwa na nyoka. Lakini baadaye njia hiyo iliwaokoa wengi walioumwa. Mtambo huchuja damu kwa siku au majuma, na mara nyingi mafigo hupata nafuu yenyewe.

Lakini mtambo uko mjini, na nyoka yuko shambani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Na katika mwaka wa 2017 liliyatia madhara hayo katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Hata moma wetu aweza kudhuru mafigo.

Basi, mwenzenu akiumwa, msimchanje wala msimfunge kamba. Mtulizeni asitembee, mkamchukue hospitali upesi, kwa kuwa dawa ikiwahi huenda ikayanusuru mafigo. Na akiisha kurudi nyumbani, mwulizeni habari ya haja ndogo yake. Ikipungua, au ikiwa nyekundu au nyeusi, msione haya kuitaja: mrudisheni kwa mganga siku ile ile.