Hongo ya Ngoma

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora kuelekea kaskazini, akiifuata njia ya Karagwe. Alipofika Uzinza, kila mtemi alimsimamisha. Mizigo ikashushwa, vitambaa vikapimwa, mabishano yakala siku nzima na pengine siku kadhaa. Mtemi akisharidhika, ngoma ilipigwa. Speke ameitaja ngoma hiyo mara kwa mara kitabuni mwake, maana sauti yake ndiyo iliyomwambia kila mtu kwamba deni limekwisha na njia iko wazi. Malipo yenyewe aliyaandika kwa jina lile lile alilolisikia kwa watu wake: hongo.

Ndilo neno tunalolinong'ona leo. Hongo ya sasa hupita chini ya meza, haina stakabadhi, na anayeitoa huangalia nyuma kwanza. Hongo ya njia ya msafara ilijadiliwa uwanjani, mbele ya wazee na wapagazi, kisha ikatangazwa kwa ngoma kijiji kizima kikisikia. Nimekuwa nikijiuliza jinsi neno moja lilivyoweza kutoka uwanjani likaishia gizani.

Anayetaka kuielewa hongo ya zamani aanzie Ugogo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ndipo ukaingia nchi ya Wagogo. Mbele yake kulikuwa na pori la Mgunda Mkali, halafu Tura, halafu Unyanyembe, nchi yenye Tabora. Ugogo hapakwepeki kirahisi, na mvua yake ni haba. Maji yalikuwa ya visima vilivyochimbwa na kutunzwa na wenyeji. Msafara wa mamia ya watu ukikaa siku tatu kisimani, huyanywa maji ambayo ng'ombe wa kijiji wangeyanywa kwa majuma. Mgeni hakuwa akinunua ruhusa ya kupita tu. Alilipia maji, uwanja wa kupigia kambi na haki ya kununua mtama, na alilipia usalama wake akiwa katika himaya ya mtemi yule. Alilipa kwa merikani, kitambaa kilichofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na merikebu za Salem, kwa kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Hesabu ilikwenda kwa doti, yaani mikono minane ya kitambaa. Kule mbele, kwenye Malagarasi, hesabu ilianza upya: Mzogera, mtemi wa Uvinza, ndiye aliyeushika mto, na hakuna mtumbwi uliovusha mtu kabla yeye hajapata chake.

Richard Burton, aliyefika Tabora pamoja na Speke Novemba 1857, aliliandika neno hili kama kitenzi, kuhonga, akalifasiri kwa Kiingereza kuwa "blackmail". Wasomaji wake wa London walielewa: ni unyang'anyi. Lakini neno alilolichagua lina historia inayofanana ajabu na ya hongo. Sehemu yake ya pili, "mail", si ile ya barua. "Mail" ya barua ilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mfuko. Hii nyingine ni neno la kale la kaskazini lililohusu mapatano, ambalo huko Scotland lilikuja kumaanisha kodi au pango. Mkulima wa mpakani mwa Scotland na Uingereza aliwalipa wenye nguvu ili mifugo yake isiguswe. Leo neno hilo ni la mtu anayekutishia kuitoa siri yako usipomlipa. Kwa hiyo maneno mawili ya malipo ya mpakani, moja la kule na moja la huku, yote yameishia kuwa majina ya makosa ya jinai.

Tabora yenyewe iligombana kwa sababu ya malipo ya namna hii. Chini ya mtemi Fundikira wafanyabiashara Waarabu waliishi Unyanyembe bila kutozwa ushuru wa bidhaa zao. Fundikira alipofariki, Mnywa Sere akaurithi utemi na kuanza kuwatoza. Kwa macho yangu hakudai kisichokuwa haki yake, kwani utajiri wote ule ulipita mlangoni kwake. Walimwondoa, wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sere akaishi msituni akipigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865.

Kisha akaja Mirambo wa Urambo. Msafiri Stanley ameeleza kuwa mwaka 1871 Mirambo aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akataka mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana, wakalipa. Baada ya kupokea, akawaambia warudi walikotoka. Vita vilivyofuata viliifunga njia ya Ujiji na kupandisha bei ya pembe za ndovu.

Sitaki kuwapaka watemi mafuta. Wapo waliodai leo, wakadai kesho, wakamweka mgeni mpaka nguo zake zikapungua nusu. Na misafara mingi iliyolipiwa hongo ilikuwa na watu waliofungwa minyororo, ambao ngoma ile haikuwafungulia njia yoyote. Lakini malipo yale yalikuwa ya utawala, na yalikwisha pale utawala mwingine ulipofika na bunduki. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipodaiwa hongo Ugogo, alijibu kwa risasi, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Mwaka huo huo Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora. Kuanzia 1898 kila nyumba ikatozwa kodi ya kibanda, rupia 3 vijijini. Mtawala mpya alikuwa akitoza kama wale wa zamani, ila malipo yake yaliitwa kodi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ilipita Ugogo bila kumsalimu mtemi yeyote.

Hongo ikabaki bila kazi, na neno lisilo na kazi halali hupata nyingine. Magazeti ya Kenya hulitumia kila siku kwa maana ya malipo haramu. Tanzania, sheria ya 2007 iliyoipa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na makosa hayo, nguvu zake huzungumzia rushwa, neno lililotoka Kiarabu, na hongo limebaki zaidi vinywani. Vijana nao humsema mwanamume anayemwaga zawadi kwa mwanamke kuwa "anahonga". Hapo naisikia bado harufu ya zamani: mgeni aliyebeba vitambaa anaomba njia.

Novemba 1871 Stanley alikuwa Uha, kazungukia kusini kukwepa vita vya Mirambo, amechoka kulipa. Aliposikia kwamba mbele kuna watemi wengine wanaongoja chao, alimkodi mwenyeji wa kumwongoza, na watu wake wakatoroka usiku kupitia porini. Mwanamke mmoja wa msafara alipopiga kelele, walimfunga kitambaa mdomoni. Baada ya siku chache waliingia Ujiji mchana, bendera mbele, wakipiga bunduki hewani.