Mdakaji Aliyenyimwa Ishara

Wasee, chukua mpira mgumu wa ngozi, ulioshonwa ukakazwa kabisa. Mpe jamaa mwenye nguvu, asimame mita 15 hivi kutoka kwako, aurushe kwa hasira zake zote. Sasa udake. Bila glavu. Ukimaliza, rudia mara mia moja, na kesho uje tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mdakaji katika besiboli ya Marekani ilipoanza kulipa wachezaji. Kama ulicheza raundasi shule ya msingi, unamjua: ni yule anayesimama nyuma ya mpigaji kudaka mpira unaopita.

Mwanzoni wadakaji walisimama mbali, wakaungoja mpira udunde kwanza. Lakini ukiwa mbali, mkimbiaji wa timu pinzani anakuibia kituo kabla hata hujaushika. Kwa hiyo wadakaji wakaanza kusogea mbele, karibu na mpigaji, wakati huohuo warushaji wakizidi kurusha kwa kasi na kujifunza kupinda mpira. Barakoa ya waya ilikuja kutoka Harvard mwaka 1877, wazo likichukuliwa kwa wachezaji wa upanga. Glavu zilikuwa nyembamba, na wengi walizikwepa wasionekane waoga. Vidole vilivunjika vikapona vimepinda. Timu ziliweka wadakaji kadhaa kwa sababu mikono ya mmoja haingemaliza msimu.

Silaha kubwa ya mdakaji ilikuwa ishara. Anamwonyesha mrushaji kisirisiri aina ya mpira anaoutaka: wa moja kwa moja, ama wa kupinda. Akishajua unakuja vipi, mkono wake unafika mapema. Asipojua, anabahatisha na mifupa yake.

Hapo ndipo tunakutana na Moses Fleetwood Walker. Alizaliwa Ohio mwaka 1856, akasoma Oberlin, kisha Chuo Kikuu cha Michigan, na kote akaondoka bila digrii. (Ndiyo, mimi pia niliacha chuo, kwa hiyo nilimpenda hapo hapo.) Mwaka 1884 alidakia Toledo kwenye ligi kubwa, mtu mweusi waziwazi, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson ambaye dunia nzima inamjua.

Mrushaji nyota wa Toledo alikuwa Tony Mullane. Msimu huo alihesabiwa ushindi 36. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, Mullane mwenyewe alikiri kwamba Walker ndiye mdakaji bora aliyewahi kufanya naye kazi. Alafu akasema hakupenda watu weusi, na kwa hiyo alikuwa anapuuza ishara za Walker na kurusha chochote alichotaka. Siku moja Walker aliomba mpira wa kupinda, ukaja wa kasi. Akaudaka, akamwendea, akamwambia vile mambo yatakuwa: nitakudakia bila ishara, lakini sitakubali nitoe ishara halafu unigeuke. Tangu siku hiyo akawa anamdakia bila kujua nini kinakuja.

Hebu fikiria kipa anayefungiwa macho na beki wake mwenyewe.

Na sasa kitu kinachoniuma. Besiboli inapenda hesabu kuliko mchezo wowote. Mpira unaoweza kudakwa ukimpita mdakaji, anaandikiwa yeye. Hakuna safu ya kuandika kwamba mrushaji alikataa ishara kwa sababu ya rangi ya mtu. Ukifungua takwimu za 1884, utaona ushindi wa Mullane na makosa ya Walker, kila moja kwenye mstari wake, safi kabisa. Tunajua ukweli kwa sababu tu mkosaji aliamua kufungua mdomo akiwa mzee.

Walker alicheza mechi 42 msimu huo, akaumia, akaachwa. Mwaka 1887 akidakia Newark, wakubwa wa ligi yao walipiga kura kutosajili tena wachezaji weusi. Aliendelea mpaka 1889, kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1908 alichapisha kitabu akiwaambia Wamarekani weusi wahamie Afrika. Wengine humwita mtu aliyekata tamaa. Mimi nikikumbuka ule msimu wa Toledo, namwelewa.

Watu wakisema takwimu hazidanganyi, mimi huuliza nani alikuwa anaziandika, na ni nini hakikuwa na safu. Nimeona karatasi za matokeo, zangu na za wenzangu, zenye alama mbaya ambazo hazisemi nani alikosa karo wala nani alikuwa anafanya kazi usiku. Walker alikuwa mzuri kiasi kwamba hata aliyemhujumu alikubali. Wangapi walihujumiwa na hakuna aliyekuja kukiri?

Niambie hapo chini: ni nani unayemjua ambaye rekodi yake haisemi ukweli wake?