Turkana katika maswali ya chemsha bongo

Kaunti ya Turkana, namba 23 katika orodha ya kaunti 47 za Kenya, huwapa watunzi wa maswali ya maarifa ya jumla mavuno makubwa kuliko wanavyodhani wale wanaoijua kwa habari za ukame tu. Ina ziwa, visukuku vya zamadamu, kifungo cha Jomo Kenyatta, kambi ya wakimbizi ya Kakuma na mafuta ya Lokichar. Kila jambo kati ya hayo lina jibu fupi la kumfanya mwanafunzi akimbilie kengele kabla swali halijaisha. Lakini majibu mengi yanayosambaa katika vitini vya mazoezi ni nusu kweli, na timu inayojua nusu ya pili ndiyo inayoshinda pingamizi.

Mashindano ya namna hii yana historia katika Afrika Mashariki, kuanzia chemsha bongo za shule na redio hadi Celtel Africa Challenge ya vyuo vikuu, iliyoanza 2007, ikaongozwa na John Sibi-Okumu na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge. Makala hii inashughulikia maswali yenyewe: yanayoulizwa kuhusu Lodwar, Kakuma na nchi inayoizunguka miji hiyo.

Jina na mipaka yake

Makosa mengi hutokana na jina. Turkana ni watu, ni ziwa, ni kaunti, na kwa wanasayansi ni bonde zima linalolizunguka ziwa hadi ndani ya Ethiopia. Kaunti inaishia majini. Ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, ni Kaunti ya Marsabit. Ndiyo maana Koobi Fora na Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, ambazo hutajwa kila mara pamoja na Turkana, si za Kaunti ya Turkana. Vivyo hivyo mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, uliozinduliwa rasmi Julai 2019. Uko karibu na Loiyangalani, Marsabit, na swali la "uko kaunti gani" limeziangusha timu nyingi zilizoliamini jina.

Bwawa la Turkwel ni mtego mgumu zaidi. Mto Turkwel ndio unaopita Lodwar, na mji ulikua kando yake. Bwawa lenyewe, lenye ukuta wa mita 153 ambao ni mrefu kuliko wa bwawa lolote Kenya, limejengwa kwenye korongo la mpaka wa West Pokot na Turkana, na wakazi wa pande zote mbili wanalidai. Mtunzi mwenye busara ataliuliza kwa urefu wa ukuta au kwa mto, si kwa kaunti.

Lipo pia swali la kaunti kubwa kuliko zote. Vitabu vya zamani huitaja Turkana. Takwimu za sensa ya 2019 zinaipa Marsabit takriban kilomita za mraba 70,900 na Turkana 68,200, hivyo jibu la leo ni Marsabit. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 926,976 katika Turkana. Anayeuliza bila kutaja mwaka amejitafutia ugomvi na meza ya majaji.

Ziwa

Maswali ya ziwa huanza na jina la zamani: Rudolf. Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika ufukweni Machi 1888 na kuliita kwa jina la mwana mrithi wa ufalme wa Austria, ambaye alifariki Januari 1889. Jina la Turkana lilitangazwa rasmi 1975. Jambo ambalo vitini havilisemi, na ambalo lingefaa kuwa swali la pointi nyingi, ni kwamba msafara wa Teleki ulianzia Pangani, ukiwa na wapagazi wa pwani na mwongozaji wao Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekwisha kusafiri bara na Joseph Thomson miaka michache kabla. Wasafiri wa Ulaya ndio walioandika kitabu, hivyo wao ndio wanaoulizwa. Na watu wa ufukweni, bila shaka, walikuwa na majina yao ya ziwa kabla ya msafara wowote.

Sifa ya ziwa lazima isemwe kamili: ni kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani, na kubwa kuliko yote yenye maji ya magadi. Ukilifupisha kuwa "ziwa kubwa la chumvi duniani" umeitaja Bahari ya Kaspi. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 6,400. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, wakati Turkwel na Kerio huchangia kidogo, na hakuna mto unaotoka. Kwa hiyo swali "mto gani hutoka Ziwa Turkana" halina jibu. Hifadhi zake ziliingia katika Urithi wa Dunia 1997, Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001, na mwaka 2018 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya miradi ya mto Omo, hasa bwawa la Gibe III.

Zamadamu

Hapa ndipo Turkana inapotajwa mara nyingi zaidi. Swali maarufu: nani aligundua mifupa ya Mvulana wa Turkana? Wengi hujibu Richard Leakey. Leakey aliongoza timu pamoja na Alan Walker, lakini aliyekiona kipande cha kwanza cha fuvu, Agosti 1984, kwenye kingo za mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa ziwa, ni Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye macho yake yalipata visukuku vingi kuliko ya watu wengi wenye shahada. Kimeu alifariki 2022. Mifupa hiyo ina umri wa miaka takriban milioni 1.5 hadi 1.6, na ndiyo mifupa iliyokamilika zaidi kupatikana ya zamadamu wa enzi hiyo. Spishi huandikwa Homo erectus na wengine, Homo ergaster na wengine. Hakimu akubali yote mawili.

Namba yake ya makumbusho, KNM-WT 15000, ni swali zuri kwa fainali. Herufi za kwanza ni za Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na WT humaanisha Turkana Magharibi. Visukuku vya ng'ambo ya mashariki vina herufi ER, kwa sababu utafiti wa huko ulianza wakati ziwa lilipokuwa bado Rudolf. Fuvu mashuhuri la KNM-ER 1470, alilolipata Bernard Ngeneo Koobi Fora mwaka 1972, limebaki na herufi hizo hadi leo. Kwa hiyo jina la mwana wa mfalme limefutwa kwenye ramani lakini lingali kwenye lebo za sanduku la makumbusho.

Lomekwi, upande wa magharibi, ina mambo matatu na wanafunzi huyachanganya. Fuvu jeusi, KNM-WT 17000, lilipatikana huko 1985 na Alan Walker. Mwaka 1999 Justus Erus alipata fuvu ambalo Meave Leakey na wenzake walilitangaza 2001 kuwa Kenyanthropus platyops, la miaka kama milioni 3.5. Kisha, 2011, timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ikakuta zana za mawe za miaka milioni 3.3, zilizotangazwa 2015. Hizo ndizo zana kongwe za mawe zinazojulikana, na zina umri mkubwa kuliko mfupa wowote wa jenasi Homo uliopatikana mpaka sasa. Nani alizigonga? Ni swali zuri, ila si la chemsha bongo.

Kusini mwa Lodwar, Kanapoi ilitoa Australopithecus anamensis, spishi iliyopewa jina 1995, ya miaka takriban milioni 4. Nataruk, karibu na ufukwe wa zamani wa ziwa, ilitoa mifupa ya watu 27 wa miaka kama 10,000 iliyopita, baadhi yao wakiwa na majeraha ya kuuawa. Utafiti huo wa 2016 hutajwa kama mojawapo ya ushahidi wa zamani wa mapigano baina ya makundi ya wawindaji.

Nguzo za Kalokol

Kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za mawe ya basalti zinazoitwa Namoratunga. Simulizi ya Waturkana inasema walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo hizo zililenga nyota za kalenda ya Waborana na zilisimamishwa mnamo 300 kabla ya Kristo. Maelezo hayo yaliingia vitabuni na yangali yakiulizwa. Waliopima upya baadaye walitilia shaka vipimo, na uchimbaji katika makaburi ya nguzo ya Lothagam, yenye miili isiyopungua 580, umeonyesha kwamba desturi ya kusimamisha nguzo ilikuwa ya wafugaji wa kwanza wa bonde hili, miaka kama 5,000 iliyopita. Mtunzi anayetaka kuepuka pingamizi aulize simulizi ya wacheza ngoma. Hiyo haina vipimo vya kubishaniwa.

Kenyatta: Kapenguria, Lokitaung, Lodwar

"Jomo Kenyatta alifungwa wapi?" Watoto wa darasa la nne hujibu Kapenguria. Kapenguria, katika West Pokot ya leo, ndiko alikoshtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, baada ya kukamatwa Oktoba 1952. Hukumu ya miaka saba ilitolewa 8 Aprili 1953. Kifungo chenyewe alikitumikia Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Huko ndiko Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikofungwa naye na kufundishwa Kiingereza.

Aprili 1959 kifungo kilikwisha, lakini hakuachiwa. Alipelekwa Lodwar kuishi chini ya amri ya kutotoka, na mkewe, Mama Ngina, akajiunga naye. Wakati siasa za uhuru zikichemka Nairobi, Lodwar ilikuwa mji wa jua na vumbi ambao serikali ya kikoloni iliuchagua kwa sababu ulikuwa mbali na kila kitu. Haikufaa kitu: Machi 1961 viongozi wa vyama vya KANU na KADU walisafiri hadi Lodwar kumwona. Mwezi uliofuata akahamishiwa Maralal, na Agosti akarudi Gatundu. Nyumba aliyokaa Lodwar imehifadhiwa.

Jibu kamili basi ni mfululizo wa miji minne, Kapenguria, Lokitaung, Lodwar na Maralal, na mpangilio huo wenyewe ni swali linalotenganisha timu vizuri kuliko jina moja.

Mafuta na maji

Mafuta yalitangazwa na Rais Mwai Kibaki Machi 2012, kutoka kisima cha Ngamia-1 cha kampuni ya Tullow, bonde la Lokichar. Shehena ya kwanza iliyobebwa kwa malori hadi Mombasa ilisafirishwa nje Agosti 2019. Hilo halina utata mkubwa.

Maji yana utata. Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, na magazeti yakaandika kwamba Kenya imepata maji ya kuitosha kwa miongo. Visima vilivyochimbwa baadaye vilitoa maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Tangazo la kwanza bado liko kwenye vitini. Habari ya chumvi haimo.

Kakuma

Kakuma iko kaunti ndogo ya Turkana Magharibi, kwenye barabara ya kutoka Lodwar kwenda Lokichoggio, mji ambao kuanzia 1989 ulikuwa kituo cha ndege za misaada kuelekea Sudan Kusini. Kambi ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa na vita baada ya Mengistu kuanguka Mei 1991, na kutembea hadi Kenya. Makazi ya Kalobeyei, yaliyopangwa wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, yaliongezwa karibu 2016. Kakuma si kambi kubwa kuliko zote duniani: sifa hiyo ilikuwa ya Dadaab kwa miaka, na baada ya 2017 imetajwa Kutupalong ya Bangladesh.

Maswali ya michezo huja hapa kwa wingi. Lopez Lomong aliishi Kakuma takriban miaka kumi kabla ya kwenda Marekani 2001, na mwaka 2008 alibeba bendera ya Marekani katika Olimpiki ya Beijing. Rio 2016 ilikuwa na Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi ya kwanza, wanariadha kumi, na watano walitoka Kakuma, wote wakimbiaji wa Sudan Kusini: Rose Nathike Lokonyen, ambaye ndiye aliyebeba bendera, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na James Nyang Chiengjiek. Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe wa West Pokot. Majina matano kwa swali moja ni mengi, hivyo fainali kwa kawaida hutosheka na la mbeba bendera.

Waliozaliwa kambini wana swali lao. Mwanamitindo Halima Aden, Mmarekani mwenye asili ya Somalia, alizaliwa Kakuma 1997. Mwanasoka Awer Mabil alizaliwa huko huko 1995, akakulia Australia, na Juni 2022 alifunga moja ya penalti zilizoiondoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia nchini Qatar. Ukiulizwa alizaliwa nchi gani, jibu ni Kenya, ingawa timu pinzani itasema Sudan na itahitaji kuonyeshwa tarehe.